Macho Makavu na Machozi Bandia: Uhakiki wa Istilahi za Upimaji wa Machozi

Mzee mmoja, jirani yangu hapa Ihumwa, aliniletea karatasi mbili nimsomee. Ya kwanza ilikuwa maelezo ya dawa ya macho. Ya pili ilikuwa fomu yenye matokeo ya vipimo alivyofanyiwa. Zote mbili zilikuwa katika Kiswahili, nalo ni jambo la kupongezwa, kwani zamani mgonjwa wa namna yake angalirudi nyumbani na karatasi asiyoelewa hata neno moja lake. Hata hivyo mzee alikuwa amekasirika. "Mwalimu," alisema, "wameandika kwamba nina macho makavu. Mimi tangu asubuhi hadi jioni nafuta machozi kwa leso. Bandari yetu hapa inaitwa kavu kwa sababu haina bahari. Macho yangu yana maji. Na juu ya hayo wameniuzia machozi bandia." Chupa ya dawa ilikuwa imekaa juu ya kabati wiki tatu, haijafunguliwa.

Nimeona yafaa kuzihakiki karatasi hizo mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa umma wanaosoma kurasa hizi. Sitataja zilikotoka wala aliyezifasiri, kwa kuwa makosa nitakayoyaonyesha si ya mtu mmoja. Yanatokana na desturi yetu ya kuunda istilahi huku tumelikodolea macho neno la kigeni, ilhali kitu chenyewe kinachotajwa hatujakitazama.

1. Kitu kinachopimwa

Kabla ya kulaumu neno, hapana budi tukijue kitu. Juu ya jicho lililo wazi pametandazwa machozi membamba mno, unene wake ukiwa kiasi cha mikromita 3. Na ikumbukwe kwamba milimita moja ina mikromita 1,000. Kwa maelezo aliyoyatoa Eugene Wolff katikati ya karne ya 20, machozi hayo yana sehemu tatu: mafuta juu, maji katikati, na ute chini, unaoyashikisha maji juu ya jicho. Mafuta hutoka katika tezi zilizo kwenye kingo za kope, maji hutoka hasa katika tezi ya machozi, na ute hutoka katika seli za ngozi laini ya jicho. Siku hizi wataalamu wanaona kwamba maji na ute havina mpaka wa wazi baina yao, bali huchanganyika. Kila tunapopepesa macho, machozi hayo hutandazwa upya.

Mafuta yakipungua, maji hukauka upesi. Jicho likiachwa wazi namna hiyo huwashwa, nayo tezi ya machozi huamrishwa na neva kumwaga maji mengi kwa ghafula. Maji hayo hutiririka mashavuni, lakini hayana mafuta wala ute wa kutosha kuyafanya yatulie jichoni. Basi mtu mmoja aweza kuwa na jicho lisilolindwa na shavu lililolowa kwa wakati mmoja. Upepo wa kiangazi wa uwanda huu wa Dodoma, pamoja na vumbi lake, huzidisha hali hiyo. Kadhalika kuitazama kompyuta kwa saa nyingi, kwani mtu anayesoma hupepesa mara chache kuliko anayezungumza. Watumishi waliohamia huku pamoja na Serikali wangeona ajabu kuambiwa kwamba wamezaliwa na ugonjwa. Kwa hakika uhamisho wenyewe ulitangazwa kutekelezwa mwaka 2016, na wengi wao wameyajua macho ya kuwasha tangu hapo.

2. "Macho makavu"

Sasa tulitazame neno. Mfasiri aliona katika lugha ya kigeni neno lenye maana ya ukavu, akaandika "macho makavu". Kosa la kwanza ni la maana: mgonjwa anayetokwa na machozi hawezi kulikubali, kwa kuwa linakanusha jambo analoliona kwa macho yake mwenyewe. Kosa la pili ni la lugha. Katika Kiswahili mtu mkavu wa macho ni mtu asiye na haya. Mwanafunzi anayemjibu mwalimu wake bila kutahayari husemwa kuwa ana macho makavu. Mfasiri amechukua msemo uliokwisha kazi yake, msemo wa kulaumu tabia, akambandika nao mzee wa watu kwenye cheti cha hospitali.

Yafaa tukiri kwamba wataalamu wenyewe walipata taabu na jina hilo. Ripoti ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza ugonjwa huu kwa kutaja kwanza kupotea kwa urari wa machozi, ndipo ikafuata dalili nyingine. Wao walilazimika kulibakiza jina la zamani kwa sababu limekwisha enea. Sisi hatukulazimika, maana letu bado lilikuwa halijaota mizizi.

Napendekeza "udhaifu wa machozi". Machozi dhaifu yaweza kuwa machache, na yaweza kuwa mengi. Lililo muhimu ni kwamba hayatulii jichoni yakalilinda. Chini ya istilahi hiyo tutapata mbili nyingine kwa urahisi: "uchache wa machozi", pale tezi inapotoa maji kidogo, na "ukaukaji wa haraka", pale mafuta yanapopungua. Neno "ukavu" libaki kwa dalili tu, mgonjwa anaposema kwamba anahisi ukavu.

3. Filamu, utando na tabaka

Katika fomu mmeandikwa mara "filamu ya machozi", mara "utando wa jicho", mara "tabaka", kana kwamba ni vitu vitatu. Filamu kwa mtu wa kawaida ni picha za sinema. Neno "utando" ni bora zaidi: uji ukipoa hufanya utando, na maziwa vilevile, nao ni mwembamba na huchanika upesi. Lakini "utando wa jicho" ni hatari, kwa sababu watu hulitumia kwa ukungu unaofunika mboni na kuzuia kuona. Mgonjwa akisoma kwamba utando wake wa jicho ni mwembamba atafurahi, akidhani anapona; kumbe habari ni mbaya.

Dawa ni kushika kanuni moja. Tuseme "utando wa machozi" kwa kitu kizima, wala tusiufupishe kamwe kuwa "utando wa jicho". Neno "tabaka" tuliweke kwa sehemu zilizo ndani ya utando huo, yaani tabaka la mafuta na tabaka la maji na ute. Tahadhari ya namna hiyo inatakiwa pia kwa neno "kope", ambalo hutumika kwa kifuniko cha jicho na kwa nywele zake. Katika maelezo ya tiba tuseme "kope" kwa kifuniko, na "nywele za kope" kwa nywele.

4. Kipimo kipi?

Neno "kipimo" katika karatasi hizo mbili linafanya kazi nne. Katika maelezo ya dawa ni kiasi cha dawa cha kutumia. Katika fomu ni uchunguzi anaofanyiwa mgonjwa, kisha ni kifaa, kisha ni namba iliyopatikana. Mzee aliposoma habari za kipimo cha matone hakujua kama ameambiwa atie matone mangapi au kama matone ndiyo yaliyopimwa. Neno "dozi" limekwisha ingia katika kila nyumba. Tulitumie kwa kiasi cha dawa. "Kipimo" kibaki kwa uchunguzi, "kifaa" kwa kifaa, na "matokeo" kwa namba.

Hata "kupima macho" na "kupima machozi" havina budi kutenganishwa. La kwanza kwa watu wetu ni kusoma herufi ukutani ili kupewa miwani. La pili ni kazi nyingine kabisa, na ina njia zake. Ya zamani zaidi inayotumika hadi leo ni ya Otto Schirmer, daktari Mjerumani, aliyoieleza mwaka 1903: kipande cha karatasi ya kunyonya maji, upana wake milimita 5 na urefu wake 35, hukunjwa ncha na kupachikwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5, kisha hupimwa urefu uliolowa. Milimita 5 au pungufu, kwa kawaida, ni ishara ya uchache wa machozi. Njia ya pili ni kutia rangi ya fluoresini, kulimulika jicho kwa mwanga wa buluu, na kuhesabu sekunde tangu mgonjwa apepese hadi utando uanze kuonyesha madoa meusi. Zikiwa chini ya sekunde 10, utando huhesabiwa kuwa haujatulia.

Hapo mfasiri wetu ameandika "muda wa kuvunjika". Chungu huvunjika, na mguu huvunjika. Utando, kama nguo, huchanika. "Muda wa kuchanika kwa utando" unamfanya msomaji aone kinachotokea, wala hauhitaji maelezo.

Njia ya tatu hupima chumvi. Maji ya machozi yakikauka, chumvi yake hukolea. Fomu imeandika "osmolariti", nami sina ugomvi nalo: ni neno la kitaalamu, limetoholewa vema, na daktari analihitaji. Lakini kando yake palistahili kuandikwa kwa mgonjwa, "ukolezi wa chumvi katika machozi". Kila mpishi ajuaye mchuzi uliokolea ameelewa nusu ya somo. Kiwango kinachotumiwa na wengi kama mpaka ni miliosmoli 308 kwa lita. Yakizidi hapo, au macho mawili yakitofautiana kwa zaidi ya 8, daktari hushuku udhaifu.

Liko jambo jingine ambalo fomu imelificha kwa kuorodhesha vipimo bila mpangilio. Upimaji wa machozi hubadili machozi yenyewe. Karatasi ikigusa jicho, jicho humwaga maji. Rangi ikitiwa, maji huongezeka. Kwa hiyo vipimo visivyogusa jicho hutangulia, na karatasi huja mwisho. Fomu ya Kiswahili ingefaa kuandika "kipimo cha kugusa" na "kipimo kisichogusa", na kuvipanga hivyo. Hapo istilahi ingemsaidia mhudumu kukumbuka kazi yake.

5. "Machozi bandia"

Nikaja kwenye chupa iliyokaa kabatini. Ni kweli kwamba "bandia" ni neno zuri la zamani kwa kitu kilichotengenezwa kwa mfano wa kingine. Mtoto wa bandia humfurahisha kila mtoto. Lakini maneno huzaliwa upya katika mazingira yao. Katika duka la dawa, bandia ni dawa ya kughushi, ambayo vyombo vya Serikali huionya jamii isiinunue. Mwananchi amefundishwa kwa miaka mingi kuikataa dawa bandia. Kisha tunamwandikia machozi bandia na kumtaka ayalipie. Mzee huyu hakukosea. Alitii mafunzo aliyopewa.

Dawa hiyo kazi yake ni kulainisha jicho na kuutuliza utando. Basi iitwe "matone ya kulainisha jicho". Jina hilo limebeba umbo la dawa na kazi yake, wala halimtishi mtu.

Maelezo yake yamekosea pia katika hesabu kwa kukaa kimya. Jicho huwa na machozi kiasi cha mikrolita 7, na huweza kushika takriban mikrolita 30 kabla ya kufurika. Tone moja la chupa aghalabu ni baina ya mikrolita 25 na 50. Ndiyo kusema tone moja latosha kulijaza jicho. La pili likifuata papo hapo humwagika shavuni pamoja na la kwanza. Maelezo yanasema "matone mawili ya dawa mbili" pasipo kusema kwamba baina ya dawa moja na nyingine mtu angoje walau dakika 5. Mfasiri aliyeelewa jambo hili angaliuliza swali. Aliyefasiri maneno tu hakuona pa kuuliza.

6. Lenzi na neno "na"

Mzee havai lenzi, lakini binti yake, mtumishi katika Mji wa Serikali hapo Mtumba, huvaa. Na maelezo yale yale yangaliweza kumdhuru. Yameandikwa "lenzi mguso". Kwa kweli lenzi laini, ambazo Otto Wichterle wa Chekoslovakia alizitengeneza mwaka 1961, hukaa juu ya machozi. Zinaugawa utando pande mbili: sehemu moja hubaki nyuma ya lenzi na nyingine mbele yake, nayo ile ya mbele huchanika upesi kuliko utando wa jicho lisilo na lenzi. Kuziita za mguso ni kukitaja kitu kwa jambo ambalo tunatarajia lisitokee. Wengine husema "lenzi ya jichoni", lakini hiyo huchanganywa na lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho wakati wa kuondoa mtoto wa jicho. Kwa kuwa watu huvaa miwani na kuivua, istilahi "lenzi ya kuvaa" yatosha, na ile nyingine iwe "lenzi ya kupandikizwa".

Kosa kubwa zaidi halimo katika istilahi bali katika sentensi. Imeandikwa kwamba dawa itumike na lenzi baada ya dakika 15. Neno "na" hapo laweza kusomwa kuwa dawa itiwe lenzi ikiwa jichoni. Kusudio lilikuwa kinyume chake. Dawa nyingi za matone hutiwa kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu, ambacho hulivuruga tabaka la mafuta, nacho hunywewa na lenzi laini na kukaa humo kikiligusa jicho kwa muda mrefu. Sentensi ingeandikwa hivi: "Vua lenzi kwanza. Tia tone moja. Ngoja dakika 15. Kisha vaa lenzi." Sentensi nne fupi zenye vitenzi vinne, wala hapana istilahi ya kuumiza kichwa. Wafasiri wetu huogopa sentensi fupi wakidhani hazina heshima ya kitaalamu.

7. Mfano tulio nao

Huenda mtu akasema kwamba nawataka wafasiri watoe maneno ya vijijini mahali pa istilahi. Sivyo. Natazama mfano uliopo mkoani humu humu. Trakoma, ugonjwa uliopofusha watu wengi katika nchi kavu za bara, watu waliuita "vikope", kwa vile vijipele na makovu yake huonekana ndani ya kope. Wilaya ya Kongwa imechunguzwa kwa ajili ya ugonjwa huo tangu miaka ya 1980, na utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu kunawisha watoto nyuso ulifanyika huko. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 1987 utaratibu rahisi wa kuupima kwa dalili tano, lilikusudia hata mhudumu asiye daktari aweze kuutumia. Leo hati za Kiswahili huandika "trakoma" na "vikope" bega kwa bega: la kwanza kwa daktari, la pili kwa mama mwenye mtoto. Hakuna aliyepotea. Na makovu ya vikope huharibu seli za ute na tezi za kope, hata mtu aliyepona maambukizo akabaki na udhaifu wa machozi uzeeni. Istilahi zetu mpya zitasomwa na watu wale wale wanaolijua neno "vikope".

Nakubali kwamba mfasiri alikuwa na sababu. Huenda alipewa siku moja, bila mtaalamu wa macho wa kumwuliza, na pengine kamusi aliyokuwa nayo haikuwa na neno. Alivyoandika majina ya dawa, tarehe na maonyo ya kuweka chupa mbali na watoto ni sahihi kabisa, na mwandiko wake ni safi. Lakini hati ya tiba haisameheki kwa wema wa nia, maana aliyeisoma vibaya ndiye anayelipa.

8. Mapendekezo

Nayatoa haya yajadiliwe: "udhaifu wa machozi" badala ya "macho makavu", "utando wa machozi" badala ya "filamu" na "utando wa jicho", "muda wa kuchanika kwa utando" badala ya "muda wa kuvunjika", "ukolezi wa chumvi" sambamba na "osmolariti", "dozi" kwa kiasi cha dawa na "kipimo" kwa uchunguzi, "matone ya kulainisha jicho" badala ya "machozi bandia", "lenzi ya kuvaa" badala ya "lenzi mguso". Zaidi ya hayo, kila hati ya namna hii isomwe kwa sauti mbele ya wagonjwa watatu au wanne kabla haijapigwa chapa, nao waulizwe watafanya nini wakifika nyumbani. Jibu lao ndilo hukumu ya tafsiri.

Nilimsomea mzee matokeo yake upya kwa maneno haya. Nilipofika kwenye "udhaifu wa machozi" alinyamaza kidogo, akasema, "Yaani ni mengi, lakini hayashiki." Nikamwambia ndivyo. Akaniuliza dozi ni tone moja au mawili, nami nikamshauri arudi kwa mhudumu amwulize, kwa sababu karatasi haikusema. Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa walio katika zahanati na hospitali, wasisite kuyaandika. Huenda neno "hayashiki" la mzee huyu likatuzalia istilahi iliyo bora kuliko yangu.